Shibiri Tatu za Waya wa Taa

Mzee Masafa alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomchosha Inspekta kuliko yote. Kesi ambayo mtuhumiwa anakana unajua pa kuishika. Unaivuta huku, unaisukuma kule, mwisho inalegea yenyewe. Lakini mtuhumiwa anapokaa mbele yako mikono juu ya meza, akikuhimiza uandike upesi kabla kalamu haijaisha wino, hapo umebebeshwa gunia lisilo na pa kushika.

Ilikuwa saa saba na robo mchana. Saa kumi gari lingekuja kumpeleka mzee mahakamani akasomewe mashtaka. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapita mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama jalada liko tayari. Mara ya pili hakuuliza kitu, alikohoa tu, na kikohozi cha mkuu wa kituo kina maana zake. Feni ya darini ilikuwa inazunguka taratibu kiasi kwamba nzi wawili walikuwa wamepanda juu yake wakitembezwa. Inspekta alivua viatu chini ya meza, miguu yake ikashukuru, kisha akafungua jalada upya, ukurasa wa kwanza, kama mtu anayefungua sufuria akijua fika kilichomo.

Jalada lilisema hivi. Wiki iliyopita ndege ya mizigo ilitua na makreti sita ya simu. Uwanja ule una maegesho matatu ya ndege za mizigo, na kila egesho lina geti lake. Rubani haambiwi aende egesho lipi mpaka magurudumu yaguse ardhi, na anaambiwa kwa redio, na mnara wa kuongozea ndege. Dakika ishirini baada ya kuambiwa, lori lililobeba yale makreti lilitoka geti la pili na kukuta watu wanne wanalisubiri. Hawakuwa geti la kwanza wala la tatu. Walikuwa pale pale penyewe. Mlinzi aliyekaa na dereva alipigwa nondo kichwani, na mpaka leo yuko hospitali, mke wake anamshika mkono, yeye hamjui.

Kwa hiyo kuna mtu aliyeisikiliza ile redio. Na siku mbili baadaye mfanya usafi wa gesti inayotazamana na uzio wa uwanja alikuta, chumba namba kumi na moja, waya mweupe umebandikwa kwa selotepu juu ya fimbo ya pazia. Akadhani wageni wameuanikia nguo. Alipouvuta akaona una kichwa cha kuchomeka kwenye redio, akauita uchawi, akamwita meneja, meneja akawaita polisi. Kitabu cha wageni kilikuwa na jina la uongo, na mhudumu wa mapokezi hakukumbuka sura.

Hakukuwa na haja ya kuuliza mjini kazi ile ni ya nani. Fundi redio mmoja tu, mstaafu, ndiye aliyekuwa akitembea na antena mfukoni imeviringwa kama kamba ya kiatu, akiwaambia watu kwamba kwa waya wa taa wa bei ya soda anawasikia marubani akiwa kitandani. Ndiyo maana wakamwita Masafa. Alikuwa na hadithi zake. Aliwahi kumsikia rubani akiuomba mnara umpe dakika tano amalizie chai, maana akitua inamwagika. Aliwahi kusikia ndege mbili zikigombea wingu. Watu walicheka, naye hakukasirika, ila ukimuuliza kipimo cha waya wenyewe alikuwa anabadilisha mazungumzo. Kipimo kilikuwa siri yake kama mapishi ya mke mkubwa.

Siku ya kwanza kituoni Masafa alikana, akampigia Inspekta hadithi za saa nzima, na Konstebo aliyekuwa anaandika maelezo akaandika mpaka ile ya wingu. Siku ya pili Inspekta aliweka juu ya meza mfuko wa plastiki wenye ule waya wa gesti. Mzee aliomba miwani. Aliutazama waya, akautazama tena pale penye fundo, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akasema neno ambalo Konstebo alilipigia mstari.

"Ni wangu huo. Andika."

Tangu hapo hakutaka kuulizwa zaidi. Aliukodi chumba yeye, alisikiliza yeye, aliwapa habari watu asiowajua majina. Alama za vidole kwenye selotepu zilikuwa zimepelekwa maabara, na maabara walisema wiki tatu, ambazo kwa kalenda ya maabara ni miezi mitatu.

Sasa Inspekta alitoa picha kwenye jalada, akamwomba mzee amweleze tena alivyoibandika antena pale gestini. Masafa alieleza bila kufikiri. Aliibandika ubavuni mwa dirisha, mkono mmoja wa waya ukielekea juu na mwingine ukielekea chini.

Inspekta aliuliza kwa nini isilale tu juu ya fimbo ya pazia, maana pale selotepu inashika vizuri zaidi.

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini kofia haivaliwi mguuni. Alimweleza kwamba antena za ndege zimesimama, za mnara zimesimama, na yako lazima isimame. Ukiilaza unapoteza nusu ya kusikia, na nusu inayobaki ni mikwaruzo. "Mwanangu, antena si maiti," alisema. "Hailazwi."

Inspekta alimsogezea picha. Ilipigwa na polisi wa kwanza kufika, kabla ya kitu chochote kuguswa. Waya ulikuwa umelala chali juu ya fimbo ya pazia, ncha hadi ncha.

Masafa aliigeuza picha, akaigeuza tena. Kisha akasema siku ile alikuwa na haraka.

Konstebo aliandika haraka. Inspekta alitoa noti kwenye pochi yake mwenyewe, maana kuomba fedha ya kituo kungechukua muda kuliko maabara, akamtuma Konstebo duka la vifaa vya umeme ng'ambo ya barabara akalete mita tatu za waya wa taa, ule mwembamba wa njia mbili zilizoshikana, na kichwa kimoja cha kuchomekea. Alimwambia pia apite kwa fundi cherehani wa jirani aazime tepu ya kupimia. Konstebo aliuliza kama aandike risiti. Akaambiwa aende tu.

Vitu vilipofika aliviweka mbele ya mzee, akamwambia mahakama huwa inapenda kuona. Atengeneze nyingine, hapo hapo, kama alivyotengeneza ile.

Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo siku tatu mfululizo asichoke. Mikono ni vigumu, hasa iliyofanya kazi moja miaka arobaini. Masafa aliushika waya na mabega yake yakashuka. Alinyoosha mkono wa kulia juu yake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, shibiri moja, akasogeza, ya pili, akasogeza, ya tatu, akaweka alama kwa ukucha. Kuanzia kwenye ncha mpaka kwenye ile alama alizipasua zile njia mbili zikaachana, kila moja ikaenda zake. Pale zilipoachania alipiga fundo ili zisiendelee kupasuka, fundo la kukunja mara mbili, dogo na gumu. Sehemu iliyofuata aliiacha bila kupasuliwa, ndiyo itakayoshuka mpaka kwenye redio, akakata hapo na kuusukuma kando waya uliosalia. Alimenya mwisho wake kwa meno ingawa kulikuwa na kisu mezani, akaushikiza kwenye kichwa. Kazi nzima haikufika dakika sita. Aliishika antena pale penye fundo, njia moja akainyoosha juu na nyingine ikaning'inia, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu akatabasamu.

Inspekta alichukua tepu ya fundi cherehani. Alipima mkono wa juu, akapima wa chini, kutoka kwenye fundo mpaka kwenye ncha. Sentimita hamsini na nane na nusu, yote miwili. Halafu akautoa waya wa gesti kwenye mfuko, akaunyoosha kando yake, akapima. Fundo lilikuwa lile lile, la kukunja mara mbili. Lakini mikono ilikuwa sentimita hamsini na moja.

Alipima mara ya pili, akamwita Konstebo apime ya tatu. Tepu haikubadili mawazo.

Masafa aliona. Alisema upesi kwamba pengine siku ile aliupunguza kwa kisu. Inspekta akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, ukiupunguza kiasi hicho inakuwaje. Mzee alijibu kabla hajajizuia kwamba inaharibika, inaanza kutafuta masafa ya juu ambako ndege hazipo, na mwenye akili hawezi kuikata hivyo. Ukikaa karibu na uwanja utasikia, alikiri, maana karibu na uwanja hata ukichomeka kijiko utasikia. Lakini nyumbani kwake, upande wa pili wa mji, ungesikia mikwaruzo tu.

Inspekta aliegemea kiti. Magoti yalimuuma, kiuno kilimuuma, na sasa aliona kesi ilipojifunga. Aliyetengeneza ule waya alifundishwa na Masafa mwenyewe, fundo lilisema hivyo. Alifundishwa kwamba kipimo ni shibiri tatu. Akapima shibiri tatu kwa uaminifu kabisa, ila kwa kiganja chake. Hakujua kwamba shibiri ya mzee ndiyo kipimo, wala mzee hakukumbuka kumwambia, kwa kuwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kupima kwa mkono wa mtu mwingine.

Alimwambia hayo yote taratibu, moja baada ya jingine. Mzee alikuwa anaviringa antena mpya kidoleni na kuiviringua. Inspekta akamalizia kwa kusema kwamba mtu hakubali kufungwa kwa ajili ya mwanafunzi tu. Siku ya kwanza alikana kwa sababu hakuwa ameuona waya. Siku ya pili aliliona fundo. Na katika watu wanaoweza kulijua fundo hilo, mmoja ni karani wa ghala la mizigo pale uwanjani, na sasa hivi amekaa kwenye benchi la nje na bakuli la chakula, kama alivyokaa jana na juzi.

"Muache binti yangu," alisema Masafa. "Nimeshakuandikia unachotaka."

"Umenipa unachotaka wewe, mzee. Mimi bado natafuta changu."

Alivaa viatu, na hilo pekee lilimchukua muda, akatoka.

Binti wa Masafa alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, sare ya ghala bado mwilini, macho mekundu ya mtu asiyelala. Inspekta alikaa naye kwenye benchi. Alimuuliza kama anajua kutengeneza antena ya baba yake. Alisema anajua tangu akiwa msichana, ndiyo ilikuwa michezo yao, wengine walifundishwa kushona. Alimuuliza kipimo. Alijibu bila kusita: shibiri tatu. Inspekta akamwomba atandaze mkono wake kwenye benchi, akatandika tepu juu yake. Sentimita kumi na tisa na ushee.

Binti alieleza kwamba bibi yake alikuwa akimtania, kwamba sura kachukua kwa mama lakini vidole kamwibia baba. Inspekta hakucheka, ila alimshika mkono akamwinua, wakaingia ndani wote wawili.

Mbele ya mzee alimwomba binti aweke mkono wake kando ya mkono wa baba yake juu ya meza. Ulipungua unene wa kucha. Shibiri zake tatu zingefika hamsini na saba na nusu, na antena ya gesti ilikuwa hamsini na moja. Binti hakuwa ameitengeneza.

Masafa aliangalia ile mikono miwili kwa muda mrefu. Kisha akafunika uso. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alimdhania mwanawe mwenyewe, amsamehe. Binti alimwambia kwamba yeye naye alipoambiwa baba amekiri, aliamini. Walitazamana, na kwa dakika nzima ilikuwa kama sherehe, ingawa hakuna aliyecheka.

Inspekta aliwaacha waifaidi dakika hiyo. Alijua inayofuata.

Aliuliza ni nani mwingine aliyewahi kufundishwa.

Mzee alisema amefundisha watu mia. Binti alitikisa kichwa. Alisema baba anawahadithia watu mia, lakini hafundishi. Kipimo hajampa mtu, isipokuwa yeye, na—. Mkono wake uliondoka mezani wenyewe.

Masafa aliligundua jina lile lile wakati ule ule, maana alisema haraka, akimtazama Konstebo na si Inspekta, kwamba arudi kwenye maelezo ya jana. Aandike ni yeye. Ni mzee, ameshakula chumvi yake yote, gerezani atapata hata usingizi.

"Baba," alisema binti, "usinibebee hili."

Alieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mizigo. Mume wake na baba yake hawakuwa na la kuzungumza. Mume ana haya ya ukwe, baba ana hadithi zake. Mwaka jana binti akawaacha dirishani jioni nzima, na baba, ili tu kuvunja ukimya, akamfundisha antena. Mume alirudi nyumbani amefurahi kama amepewa shamba. Na siku ndege ya mizigo inapokuja yeye binti ndiye hujua mapema kazini, na akijua atachelewa kurudi humwambia mumewe kwa nini, kama mke yeyote. Hakuwahi kufikiria kwamba anampa mtu ratiba.

Inspekta aliuliza mume yuko wapi. Kwenye gari, hapo nje. Humleta mke wake kila siku na kila siku haingii. Anasema harufu ya kituo inamuumiza kichwa.

Sentimita hamsini na moja si ushahidi wa kumfunga mtu, na Inspekta alijua wakili yeyote angeucheka mpaka tai ilegee. Lakini zingetosha kumzuia mtu, na mtu akizuiwa, alama za selotepu zinapata vidole vya kulinganishwa navyo. Alitazama saa. Ilikuwa tisa kasoro kumi. Alimwambia binti kwamba yuko huru kutoka, na kwamba hatamlazimisha kitu chochote, ila angeomba mumewe aitwe ndani. Anaweza kumtuma Konstebo.

Binti alichukua simu yake. Alimwambia mumewe kwamba polisi wanahitaji msaada kidogo kuhusu baba, aje. Alipokata, alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Inspekta alizitia antena zote mbili kwenye droo.

Aliyeingia alikuwa mtu mfupi, nadhifu, shati limepigwa pasi, uso wa heshima. Alisalimia chumba kizima. Alimwinamia mzee: "Shikamoo baba." Masafa alichelewa kidogo kujibu, lakini alijibu. Marahaba ni marahaba.

Inspekta alimwomba akae, akamweleza kwa uchovu ambao hakuhitaji kuuigiza. Mzee ameshakiri, maelezo yameshaandikwa, gari linakuja saa kumi. Kimebaki kitu kimoja cha kufungia jalada: lazima mahakama ionyeshwe antena ya aina ile inavyotengenezwa, na mikono ya mzee leo inatetemeka. Ameambiwa kwamba mkwe anajua. Akisaidia, kazi inaisha, kila mtu anakwenda kwake.

Aliusogeza waya uliobaki mpaka katikati ya meza, na kisu, na akarudisha mikono yake mapajani.

Ulikuwa mtihani rahisi kuufaulu. Angeweza kusema hajui, au amesahau. Angeweza kusema hawezi kushika waya utakaompeleka baba mkwe gerezani, na hapo Inspekta angebaki na tepu ya kuazima na jioni ndefu mbele yake. Mkwe alimtazama mzee, kisha mke wake, haraka, kisha waya. Akauliza kama baada ya hapo jalada linafungwa kabisa.

"Kabisa," alisema Inspekta.

Akavuta kiti karibu.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alitandaza kiganja chake kifupi juu ya waya, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, moja, akasogeza, mbili, akasogeza, tatu, akaweka alama. Akapasua. Akapiga fundo la kukunja mara mbili na kulikaza kwa meno, akaeleza huku akifanya, kwa Kiswahili cha kumfurahisha hakimu, kwamba fundo ndilo linalozuia waya usiendelee kupasuka, na kwamba baba yake mkwe alikuwa mtaalamu sana, ni masikitiko makubwa. Mke wake alikuwa anamtazama mikono. Alimtazama tangu shibiri ya kwanza mpaka ya mwisho, na fundo lilipokazwa, alivua pete yake, akaiweka mezani kando ya tepu, bila kelele, kama mtu anayeweka funguo za nyumba ya wengine.

Mkwe hakuiona. Alikuwa ameinua antena yake kwa fahari, akimpa Inspekta.

Inspekta aliipokea. Hakuipima yeye. Alimpa Konstebo, naye aliinyoosha juu ya meza polepole, akasoma tepu, na akaandika namba bila kuuliza mtu.

Saa kumi kamili gari la mahakama lilipiga honi nje. Dereva aliambiwa asubiri kidogo, jina kwenye karatasi limebadilika.